Uliza Ujibiwe: Ile namba ya tetemeko hutoka wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja, tetemeko la ardhi. Nami ndilo jambo nililolipenda maisha yangu yote. Kwa miaka 26 nilifanya kazi katika kituo cha kupimia matetemeko, na mingi kati ya miaka hiyo niliketi mbele ya pipa lililovikwa karatasi nyeupe, likizunguka polepole usiku na mchana huku kalamu ikichora mstari mwembamba. Wasomaji mnivumilie nikirefusha jibu hapa na pale. Barua nyingine nimezifupisha, lakini maswali ni yenu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Asubuhi redio ilitangaza tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Jioni redio hiyo hiyo ikasema 6.2. Baba anasema mojawapo ni uongo. Upi ni uongo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo hakuna uongo, na umweleze baba kwamba kituo cha kupimia matetemeko kinachokubali kurekebisha namba yake ndicho cha kuaminiwa. Namba ya kwanza hutolewa kwa haraka, dakika chache tu baada ya ardhi kutikisika, kwa kutumia vituo vichache vilivyo karibu. Baadaye mawimbi ya tetemeko hufika kwenye vituo vya mbali, hata mabara mengine, na wataalamu huwa na michoro mingi kuliko ile ya mwanzo. Hesabu hurudiwa na namba husogea.

Mfano unaoniuma mpaka leo ni wa Japani, tarehe 11 Machi 2011. Idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, ambayo ndiyo yenye kazi ya kupima matetemeko, ilianza na 7.9. Saa chache zilizofuata ikasema 8.4, kisha 8.8, na siku mbili baadaye ikafika 9.0. Kwa sababu ya ile 7.9 ya mwanzo, onyo la kwanza la tsunami lilitaja mawimbi ya meta 6 kwa mkoa wa Miyagi na meta 3 kwa Iwate na Fukushima. Maji yaliyokuja yalivuka meta 10 mahali pengi. Wale watu hawakuwa wazembe. Wakati wanapiga hesabu, mwamba ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza kupasuka, na vifaa vya karibu vilikuwa vimezidiwa. Tetemeko kubwa si kishindo cha mara moja kama mlango unaobamizwa. Ni mpasuko unaokimbia ndani ya ardhi, mfano wa kitambaa kinachochanwa, na ule wa Japani ulikimbia kwa zaidi ya dakika mbili. Anayepima sekunde za mwanzo peke yake anapima kitambaa ambacho hakijaisha kuchanwa.

Tena usidharau hiyo tofauti ya 0.3 uliyoisikia redioni. Kwa upande wa nishati iliyotoka ardhini, 6.2 ni karibu mara tatu ya 5.9. Sababu yake utaiona kwenye jibu linalofuata.

SWALI: Mimi ni dereva, nasikiliza sana taarifa za habari njiani. Kila mara wanasema "kwa kipimo cha Richter". Hicho kifaa cha Richter kikoje? Kinawekwa wapi? Nami nataka nikione.

JIBU: Ndugu dereva, kifaa kiitwacho Richter hakipo. Nimeulizwa swali hili mara nyingi na wageni waliotembelea kituo chetu, na kila mara nilifurahi kuulizwa, kwa sababu wengi wanadhani wanajua. Richter ni jina la mtu, Charles Richter, mwanasayansi wa Marekani. Alichotengeneza mwaka 1935, akisaidiana na Beno Gutenberg, ni namna ya kupiga hesabu. Kifaa chenyewe kinaitwa seismografu, na kilikuwepo kabla yake.

Ugumu wa kupima tetemeko ni huu: kila kitu kinatikisika pamoja nawe. Meza, ukuta, rula, na wewe mwenyewe. Utapimia wapi kama huna kitu kilichotulia? Wewe dereva unalijua jibu bila kufundishwa. Ukiondoa gari ghafla, abiria aliyesimama anayumba kwenda nyuma. Ukweli ni kwamba gari limemwacha, yeye mwili wake ulitaka kubaki pale pale. Kitu kizito hukataa kusogezwa ghafla. Seismografu ni huo uzito: chuma kizito kilichoning'inizwa kwa namna ambayo ardhi ikisogea, chuma kinachelewa kuifuata. Funga kalamu kwenye chuma, weka karatasi kwenye fremu iliyokazwa kwenye mwamba, na tofauti kati ya kinachosogea na kinachochelewa itajichora yenyewe.

Huko China, mwaka 132, Zhang Heng alitengeneza chombo cha shaba chenye vichwa vya mazimwi manane, kila kimoja na mpira mdomoni, na chura chini yake. Ardhi ikitikisika mpira mmoja huanguka kwenye kinywa cha chura. Kilijulisha kwamba tetemeko limetokea, lakini hakikuchora kitu. Michoro ya kufaa ilianza Japani baada ya tetemeko la Yokohama la mwaka 1880, ambapo John Milne, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifundisha Tokyo, pamoja na wenzake Ewing na Gray, walishughulika kutengeneza vifaa vya kuchora mtikisiko. Miaka tisa baadaye, mwezi Aprili 1889, kifaa kilichokuwa Potsdam, Ujerumani, kilichora mawimbi ya tetemeko lililotokea Japani. Ndipo watu walipotambua kwamba tetemeko la upande mmoja wa dunia linaweza kusomwa upande wa pili.

Kile chetu kituoni kiliwekwa kwenye chumba cha chini, juu ya nguzo ya zege iliyoshikamana na mwamba na isiyogusa sakafu. Hata siku ambazo hakukuwa na tetemeko popote, kalamu haikutulia. Ilichora vijiwimbi vidogo, kimoja kila sekunde tano au sita hivi, na hivyo vilitoka baharini, mbali sana na hapo, mawimbi ya maji yakipiga sakafu ya bahari. Lori likipita tulilijua. Upepo mkali kwenye miti tuliujua pia. Vifaa vya siku hizi havina kalamu wala karatasi. Uzito ulio ndani huzuiwa na sumaku ya umeme usisogee, na kompyuta huandika ni nguvu kiasi gani ilihitajika kuuzuia. Ni vizuri mno kuliko vyetu. Hata hivyo, mwenzangu, mchoro wa wino uliokauka ukiwa umeushika mkononi ni kitu kingine.

Sasa turudi kwa Richter. Alikuwa na michoro mingi ya matetemeko ya kusini mwa California na alitaka kuyapanga kwa ukubwa bila kujali kifaa kilikuwa karibu au mbali. Akaamua hivi: tetemeko linalosogeza kalamu ya aina fulani ya seismografu kwa milimeta 1, kifaa kikiwa kilometa 100 kutoka kitovu, yaani pale juu ya ardhi palipo juu ya chanzo cha tetemeko, liitwe 3. Linalosogeza milimeta 10 kwa umbali huo huo liitwe 4. Milimeta 100, liitwe 5. Kila ukipanda namba moja, mtikisiko kwenye karatasi unazidi mara 10. Nishati inazidi zaidi ya hapo, karibu mara 32. Ukipanda namba mbili, nishati ni mara 1,000. Ndiyo maana ninahuzunika nikisikia mtu akisema tetemeko la 8 ni "mara mbili" ya lile la 4. Ni mara milioni moja kwa nishati.

Neno "ukubwa" lenyewe liliazimwa kwa wanajimu, ambao tangu zamani walipanga nyota kwa ukubwa wa mng'ao wake. Na sifuri ya Richter haimaanishi hakuna kitu. Ni tetemeko dogo sana ambalo vifaa vya wakati ule visingeliona. Vifaa vya leo vikiwa karibu huona hata yaliyo chini ya sifuri, yenye alama ya kutoa.

Hesabu ya Richter ilifaa kwa pale alipoitengenezea, lakini ilikuwa na kasoro. Ukivuka 7 hivi, namba hukwama: tetemeko huendelea kuwa kubwa na namba haipandi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Hiroo Kanamori na Thomas Hanks walileta kipimo kingine, na hicho ndicho kinachotumika kwa matetemeko makubwa leo. Hakiangalii urefu wa mstari wa kalamu peke yake. Kinauliza: eneo la mwamba lililopasuka lina ukubwa gani, pande mbili zimeteleza kwa meta ngapi, na mwamba wenyewe ni mgumu kiasi gani? Zidisha hayo matatu na utapata kiini cha namba. Kwa kipimo hiki tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile, tarehe 22 Mei 1960, lenye ukubwa wa 9.5. Kwa hiyo mtangazaji anaposema "kwa kipimo cha Richter" mara nyingi anatumia mazoea ya lugha tu. "Ukubwa wa 6.2" inatosha.

SWALI: Mwanangu wa miaka saba ananiuliza nani anaitikisa ardhi. Nimemjibu kwamba dunia inagawanyika vipande. Akalia. Nimwambie nini?

JIBU: Pole mama, na umpe pole na yeye. Badala ya maneno mfanyie kitu. Chukua ubao mrefu wenye uso wa kukwaruza, tofali moja, na ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Funga mpira kwenye tofali, mkalishe mtoto pembeni, uvute mpira polepole mno, kwa mwendo ule ule. Tofali halitasogea. Mpira utarefuka, utarefuka, halafu ghafla tofali litaruka na kusimama tena. Endelea kuvuta. Litakaa kimya, kisha litaruka tena. Mwambie: hivyo ndivyo ardhi inavyofanya, na hakuna mtu anayeitikisa.

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba, na mabamba hayo yanasogea kwa sentimeta chache kwa mwaka, takriban mwendo wa kucha zako zinavyoota. Mengine yanasukumana, mengine yanaachana, mengine yanapitana ubavu kwa ubavu. Yanapokutana yanakwama kwa sababu ya msuguano. Huku nyuma mwendo hausimami, kwa hiyo miamba iliyo jirani na ufa inapinda, kama ule mpira unavyorefuka. Tunaiona miamba kuwa migumu, lakini ikibanwa kwa miaka mia moja au zaidi inapinda kweli. Siku msuguano unaposhindwa, pande mbili zinateleza kwa ghafla, na ile nguvu iliyokusanywa kwa karne nzima inatoka kwa sekunde. Inatoka kama mawimbi, na hayo ndiyo tunayoyaita tetemeko.

Aliyelieleza hili vizuri ni Harry Fielding Reid, mwaka 1910, baada ya kuchunguza tetemeko la San Francisco la tarehe 18 Aprili 1906. Ufa wa San Andreas uliteleza kwa urefu wa zaidi ya kilometa 400. Kulikuwa na uzio wa mbao uliopita juu ya ufa huo kwa mstari ulionyooka. Baada ya tetemeko, nusu ya uzio ilikuwa imesogea karibu meta mbili na nusu kutoka kwa nusu nyingine, mbao zikiwa bado zimesimama wima. Picha yake ipo. Mara ya kwanza kuiona niliitazama muda mrefu, kwa sababu uzio haukuanguka, ulikatwa tu kana kwamba mtu ameuhamisha kwa mkono.

Mpe mtoto daftari apime kwa rula kila tofali linaporuka. Mimi nilipofanya hivyo niliandika sentimeta 2, kisha 5, kisha nusu sentimeta mara tatu mfululizo, kisha 4. Muweke hilo daftari, tutalihitaji mbele.

SWALI: Natengeneza saa. Nimesoma kwamba mnajua tetemeko limetokea wapi hata kama hakuna mtu aliyepiga simu. Mnajuaje?

JIBU: Kwa saa, fundi! Umeuliza mahali penyewe. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina zaidi ya moja, na hayaendi kwa mwendo mmoja. Ya kwanza husukuma na kuvuta mwamba kuelekea yanakokwenda, kama sauti inavyosukuma hewa, na kwenye ganda la dunia hukimbia kilometa 6 hivi kwa sekunde. Ya pili hutikisa mwamba kwa ubavu, nayo huenda kama kilometa tatu na nusu kwa sekunde. Yanatoka pamoja, lakini kadiri safari inavyorefuka ndivyo yanavyoachana. Waliokwisha kupatwa na tetemeko wanajua: kwanza kishindo kifupi chenye kugonga, kimya kidogo, halafu ndipo kuyumba kwenyewe kunakuja.

Kwenye karatasi mawimbi hayo yanaonekana wazi. Mstari umetulia, ghafla kalamu inaanza kuchora meno madogo yaliyosongamana. Nilikuwa naweka alama ya penseli hapo. Kisha meno yanapanuka ghafla, alama ya pili. Napima kwa rula, nageuza milimeta kuwa sekunde. Kama tetemeko si la mbali sana, zidisha sekunde kwa 8 na utapata kilometa. Sekunde 25 ni kilometa 200. Lakini 200 upande gani? Kituo kimoja hakikwambii kwa uhakika. Unachora duara kwenye ramani. Kituo cha pili kinachora lake, cha tatu lake, na mahali maduara matatu yanapokutana ndipo palipotikisika. Ile sehemu ya juu ya ardhi inaitwa kitovu, na mahali mpasuko ulipoanzia pako chini yake, pengine kilometa 10, pengine mamia. Tetemeko la Bolivia la mwezi Juni 1994 lilianzia zaidi ya kilometa 600 chini, na likahisiwa mpaka Canada.

Ona sasa kazi ya saa. Tofauti kati ya alama mbili kwenye karatasi moja haiharibiki saa ikichelewa, maana zote mbili zimechelewa sawa. Lakini vituo vingi vinapounganisha habari zao ili kupata jibu safi zaidi, lazima saa zote zikubaliane. Wakati mmoja saa yetu ilipoteza sekunde mbili na hatukugundua mpaka kulipopambazuka. Sekunde mbili kwa wimbi la kilometa 6 kwa sekunde ni kilometa 12. Tulikuwa tumeshasambaza habari zetu kwa vituo vingine, na tetemeko likachorwa upande usio wake wa bonde. Tangu siku hiyo nilikuwa nasikiliza mlio wa saa ya redio kila baada ya saa sita, nikiandika tofauti pembeni ya karatasi kwa mkono wangu. Siku hizi saa zinatoka kwenye setilaiti na hofu hiyo imekwisha.

Niongeze moja ambalo hukuuliza. Wimbi la pili, lile la ubavu, halipiti kwenye kitu cha majimaji. Vituo vilivyo upande wa pili wa dunia havilipati, na kwa kukosekana huko tulijua kwamba sehemu ya nje ya kiini cha dunia ni majimaji. Mwaka 1936 Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, alisoma michoro kwa makini akaona mawimbi hafifu mahali ambapo hayakutarajiwa, akahitimisha kwamba katikati ya yale majimaji kuna kiini kingine. Hakuna mtu aliyechimba hata kilometa 13 kwenda chini. Yote tunayoyajua ya huko ndani sana, sehemu kubwa imetoka kwenye mistari hii.

SWALI: Mimi ni fundi mwashi. Kama tetemeko lina namba moja, kwa nini nyumba moja ipasuke na ya jirani ibaki nzima?

JIBU: Fundi, ningekuwa na nafasi ya jibu moja tu mwezi huu ningechagua lako. Namba ya ukubwa ni ya tetemeko lenyewe, kule chini lilikotokea. Haisemi wewe umetikiswa vipi. Ngoma ikipigwa mara moja, aliye kando yake anaziba masikio, na aliye ng'ambo ya bonde anauliza kama ile ni ngoma au radi. Ngoma ni moja, pigo ni moja.

Kwa hiyo kuna kipimo cha pili ambacho redio hukisahau, nacho ni ukali wa mtikisiko mahali ulipo. Giuseppe Mercalli wa Italia alikitengeneza mwaka 1902, na kimerekebishwa mara kadhaa. Kina madaraja 12 na huandikwa kwa namba za Kirumi ili watu wasikichanganye na ukubwa. Daraja la III ni kama lori limepita nje. La V, karibu kila mtu amehisi na waliolala wameamka. La VIII, majengo ya kawaida yanabomoka kwa sehemu. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja, lakini ukali wake unaweza kuwa wa VIII hapa, V kule, na II mbali zaidi.

Mwaka 2010 ulitupa somo zito. Tarehe 12 Januari Haiti ilipatwa na tetemeko la 7.0. Tarehe 27 Februari Chile ikapatwa na la 8.8, lenye nishati karibu mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu 500 na kidogo. Haiti, makadirio yanatofautiana sana, lakini mengi yanavuka 100,000. Lile la Haiti lilikuwa na kina kifupi na kitovu chake kilikuwa kama kilometa 25 tu kutoka Port-au-Prince, mji uliojaa majengo ya zege nzito yenye nondo haba. La Chile lilianzia baharini, kwenye nchi ambayo kwa miongo mingi imekuwa na sheria kali za ujenzi na kuzifuata.

Udongo nao. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la 8.0 lilitokea kwenye pwani ya Pasifiki ya Mexico, na jiji la Mexico, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo, likaumia vibaya. Sehemu kubwa ya jiji hilo imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Tope lile lilikuza mtikisiko na kuyumba huku na huku mara moja kila sekunde mbili. Majengo ya ghorofa 6 mpaka 15 ndiyo yaliyopata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa mwendo wao wa asili wa kuyumba ulielekea kulingana na ule wa tope, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi. Mengi mafupi jirani yao yalibaki.

Basi ukiona nyumba mbili jirani, moja imepasuka, uliza udongo wa chini, uzito wa paa, na namna kuta zilivyoshikana kwenye kona. Mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu unazifanya ziyumbe pamoja badala ya kila ukuta kuanguka kivyake. Na kwenye nguzo, ringi za nondo zisogeleane karibu na maungio, na ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya zege la katikati. Ringi iliyofungwa kwa kona ya mraba tu hufunguka zege la nje likimomonyoka. Wewe unaujua mkono wako, fundi. Hiyo ringi haionekani tena zege likishamiminwa, na ndiyo itakayowashikilia watu walio ndani.

SWALI: Tumepokea ujumbe kwenye simu: "Wataalamu wamethibitisha tetemeko kubwa zaidi litapiga saa tisa usiku." Tulilala nje sote na wazee. Halikuja. Je, limeahirishwa?

JIBU: Halikuahirishwa, kwa sababu halikupangwa. Nimehuzunika kusoma kwamba wazee walilala kwenye baridi kwa maneno ya mtu asiyejulikana. Hakuna mtaalamu, chuo wala mashine duniani inayoweza kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wenye saa kamili ujue hapo hapo kwamba ni wa uongo, ufute, usiutume kwa mwingine.

Tumejaribu, tena sana. Tarehe 4 Februari 1975 huko Haicheng, China, watu walitolewa majumbani baada ya mfululizo wa matetemeko madogo, na jioni likaja kubwa. Wengi waliokoka. Dunia ikashangilia. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Julai 1976, Tangshan katika nchi hiyo hiyo ikapigwa usiku bila dalili kama zile, na hesabu rasmi ya waliokufa ni zaidi ya 240,000. Kule Parkfield, California, matetemeko ya ukubwa wa 6 hivi yalitokea mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Wanasayansi wakaweka vifaa kila kona na kusema lijalo litakuja kabla ya mwaka 1993 kwisha. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004.

Mama wa barua ya tatu, hapa ndipo daftari la mtoto linahitajika. Niliwahi kuvuta tofali langu mara 200 nikiandika kila mruko. Mkono ni ule ule, mpira ule ule, ubao ule ule, na sikuweza kukisia mruko wa 201. Nilichoweza kusema ni kwamba midogo ni mingi na mikubwa ni michache. Dunia nayo iko hivyo: kwa kila namba moja unayopanda, matetemeko hupungua karibu mara kumi. Kwa hiyo tunaweza kusema mahali fulani pana hatari kubwa kwa miaka 50 ijayo, na hilo linatosha kwa mjenzi. Halimsaidii anayetaka kujua kama alale ndani leo.

Lililo kweli ni kwamba baada ya tetemeko kubwa hufuata mengine, mengi mwanzoni kisha yakipungua siku hadi siku. Fusakichi Omori wa Japani aliandika kanuni yake mwaka 1894, na bado inatumika. Mara chache linalofuata huwa kubwa kuliko la kwanza. Tarehe 9 Machi 2011 Japani ilipata la 7 na zaidi, na siku mbili baadaye likaja lile la 9. Hakuna aliyeweza kujua siku hiyo ya tarehe 9 kwamba lile lilikuwa mtangulizi. Kwa hiyo kama nyumba yenu imepata nyufa, kukaa nje kwa siku chache ni busara. Fanyeni hivyo kwa sababu ya nyufa, msifanye kwa sababu ya simu.

Kuna nchi zenye king'ora cha tetemeko, Mexico tangu mwaka 1991 na Japani nchi nzima tangu mwaka 2007. Huo si utabiri. Tetemeko limeshaanza, kifaa kilicho karibu na kitovu kimelihisi, na habari zinakimbia kwa umeme kuwahi lile wimbi la pili. Unapata sekunde chache, pengine kumi, pengine hamsini. Zinatosha kusimamisha treni, au kuingia chini ya meza imara na kushika mguu wake mpaka mtikisiko uishe. Usikimbilie mlangoni wakati ardhi inayumba, matofali na vioo huangukia hapo hapo nje ya ukuta. Na mkiwa ufukweni mkitikiswa kwa muda mrefu, pandeni juu mara moja bila kusubiri tangazo.

SWALI: Je, siku za joto kali huleta tetemeko?

JIBU: Hapana. Matetemeko mengi huanzia kilometa kadhaa chini, na joto la mchana halifiki hata meta chache. Hutokea kwenye joto, baridi, mvua na ukame, kwa usawa.

SWALI: Ni mimi tena wa kidato cha pili, nimeandika barua mbili. Mwezini kuna matetemeko?

JIBU: Yapo, mwanangu, na umefanya vizuri kuandika mbili. Mwezi Julai 1969, wanaanga wa kwanza kukanyaga mwezi waliacha seismografu huko, na safari zilizofuata ziliongeza nyingine. Mpaka zilipozimwa mwaka 1977 zilikuwa zimerekodi maelfu ya mitikisiko, mingine ya kuangukiwa na vimondo, mingine kutoka ndani kabisa ya mwezi, ambayo hurudi kila mwezi unapokaribia dunia na kuvutwa zaidi. Kwa kuwa mwezi ni mkavu na umevunjikavunjika, mtikisiko wake hauzimiki upesi, unaweza kuendelea hata zaidi ya saa nzima. Mars nako kulipelekwa kifaa kimoja, kikatua Novemba 2018, kikiwa kimefunikwa kwa kuba dogo la kukikinga na upepo. Kilisikiliza kwa miaka minne. Tetemeko kubwa kuliko yote kililolisikia lilikuwa la tarehe 4 Mei 2022, ukubwa wa 4.7. Miezi saba baadaye vumbi likafunika mabamba yake ya jua, umeme ukaisha. Mchoro wa siku ile nimeubandika ukutani, karibu na dirisha.